Mpiga Kinanda wa Kiti cha Nyuma: Hailu Mergia na Somo la Ukumbi Mtupu

Ukimwambia mzee wa Daraja Mbili kwamba unapenda jazz, atakuuliza swali moja tu: "Jazz ipi? Morogoro au Western?" Usicheke. Mzee yuko sahihi kwa upande wake. Kwetu neno hilo lilishika maana ya bendi: gitaa la solo, la ridhimu na la besi, tarumbeta na saksafoni kadhaa, na watu wanaocheza dansi mpaka viatu vinaisha soli. Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz ikafuata miaka ya 1940, Western Jazz mwaka 1959, Nuta Jazz mwaka 1964. Kule Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Franco na wenzake walianzisha OK Jazz mwaka 1956. Bendi hizi zilipiga zaidi rumba na midundo ya nyumbani, na hakuna aliyeona haja ya kubadili jina.

Hata mji wetu ulikuwa na Arusha Jazz. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokuwa wamepitia Jamhuri Jazz, walifika hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaunda bendi hiyo. Haikuchukua muda wakavuka mpaka wa Namanga kwenda Kenya, na huko wakawa Simba Wanyika, jina ambalo hata machalii wa leo wamelisikia. Walifuata nini? Nairobi ilikuwa na kampuni za kurekodi na mitambo ya kuchapa santuri. Huku kwetu studio ya kutegemewa ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda ikisharekodiwa ilibaki mali ya redio. Likumbuke jambo hili la kurekodi, maana tutalirudia.

Jazz ninayotaka tuisome leo ni ya aina nyingine: ile ambayo mpigaji anachukua wimbo unaojulikana, anauzunguka, anauvunja na kuuunga upya papo hapo mbele yako. Na mpigaji ninayemtaka hajulikani sana kwenye vyumba vyetu vya kupanga. Ni jirani yetu wa kaskazini, Mhabeshi, anaitwa Hailu Mergia. Nimemchagua kwa sababu alirekodi albamu moja akiwa peke yake, ikasahaulika, na kwa miaka mingi baada ya hapo ukumbi wake ukawa kiti cha nyuma cha teksi. Kwa yeyote kati yetu aliyewahi kupanda jukwaani akakuta viti ni vingi kuliko watu, huyu ni mwalimu.

Mtu mwenyewe

Hailu Mergia alizaliwa mwaka 1946 huko Debre Birhan, mji wa nyanda za juu kaskazini mashariki ya Addis Ababa. Alipokuwa na miaka 14 alijifunza akodioni mwenyewe, bila mwalimu. Baadaye akahamia kwenye kinanda cha umeme, na katika miaka ya 1970 alikuwa nguzo ya Walias Band, bendi iliyojipa jina la walia, mbuzi pori wa milima ya Simien.

Walias walipiga kwenye hoteli ya Hilton ya Addis Ababa. Huo ulikuwa wakati mgumu. Mwaka 1974 wanajeshi wa Derg walimpindua Mfalme Haile Selassie, na baada ya hapo ikaja amri ya kutotembea usiku. Mtu aliyekwenda kusikiliza muziki hakuweza kurudi nyumbani saa sita. Ilibidi abaki ndani mpaka alfajiri, na bendi nayo ipige mpaka alfajiri. Kwa hiyo Walias walizoea watu wengi, usiku mrefu, na wasikilizaji wasio na pa kwenda. Mwaka 1977 walitoa albamu ya Tche Belew, ambayo Mulatu Astatke, baba wa jazz ya Kihabeshi, alishiriki. Ndani yake kuna kipande kisicho na mwimbaji, Muziqawi Silt, ambacho mpaka leo bendi za nchi nyingi wanakipiga.

Mwaka 1981 Walias walikwenda Marekani kufanya ziara. Wengi waliokuja kuwasikiliza walikuwa Wahabeshi wenzao, wakimbizi waliokuwa wameikimbia hali ile ile ya nyumbani. Ziara ilipokwisha, bendi iligawanyika. Wengine walirudi Addis, na wanne wakabaki: Hailu Mergia, mpiga saksafoni Moges Habte, mpiga besi Melakie Gebre na mpiga piano Girma Beyene. Ndivyo mtu aliyekuwa akijaza ukumbi wa hoteli kubwa kwa miaka mingi alivyojikuta Washington, mji ambao karibu hakuna aliyemjua nje ya jamii ya watu wake.

Kanda ya 1985

Mwaka 1985 Hailu aliingia kwenye studio ndogo mjini Washington akiwa peke yake. Hakuna besi, hakuna saksafoni, hakuna mpiga drams. Alikuwa na akodioni, piano ya umeme, sinthesaiza na mashine ya kupigia mdundo. Alirekodi sehemu moja, akairudisha, akaweka nyingine juu yake. Matokeo yakawa kanda inayoitwa Shemonmuanaye. Ilisambaa kwa Wahabeshi, ikasikilizwa, kisha ikapotea kama kanda nyingi za wakati ule zilivyopotea.

Wacha niseme jinsi ya kuisikiliza, kwa sababu mara ya kwanza unaweza kudhani ni muziki wa kusubirishia simu. Nami nimeisikiliza mara nyingi usiku, geto likiwa kimya na jirani amezima redio yake.

Kwanza, usisubiri mwimbaji. Hayupo. Akodioni ndiyo inayoimba. Sikiliza namna inavyovuta pumzi: kifaa hiki kinafanya kazi kwa hewa, kwa hiyo kila sentensi ya muziki ina mahali pa kukatika, kama msemaji anayemeza mate kabla ya kuendelea. Hailu haharakishi. Anasema neno, ananyamaza, anasema tena kwa namna nyingine kidogo.

Pili, sikiliza mashine ya mdundo chini yake. Inagonga vile vile mwanzo hadi mwisho, haina furaha wala huzuni. Mpiga drams mzuri angemfuata Hailu, angepunguza pale anapopunguza. Mashine haifanyi hivyo. Kwa hiyo uhai wote umebebwa na mkono wa mtu mmoja, na unaweza kumsikia anavyotangulia mdundo kidogo, au anavyochelewa kwa makusudi, kama mtu anayetembea kando ya ukuta huku akiugusa kwa kidole.

Tatu, sikiliza ngazi yenyewe. Wale wa kwaya mnajua tonika solfa, basi hapa mtanielewa haraka. Muziki wa nyanda za juu za Uhabeshi unajengwa kwenye ngazi za sauti tano, na zile kuu zina majina: tizita, bati, ambassel na anchihoye. Tizita ya kwanza ni do, re, mi, so, la. Hakuna fa, hakuna ti. Ukiwa na kinanda, bonyeza vitufe vyeusi peke yake kuanzia kile cha kwanza cha kundi la vitatu, utaipata hapo hapo. Sasa shusha mi nusu hatua, na la nusu hatua. Hiyo ni tizita ya pili, na moyo unashuka nayo. Neno tizita maana yake ni kumbukumbu, ile yenye hamu ndani yake, kama mtu anayefikiria kwao.

Kwa hiyo kuna mtu amekaa Washington, vyombo ni vya kisasa vya miaka ya 1980, na mkono unacheza ngazi ya kwao kwa akodioni, chombo ambacho vijana wa Addis walikuwa wameshakiona cha kizee. Ukiisikiliza hivyo, haitakuwa tena muziki wa kusubirishia simu. Na kwa faida ya wenyeji, kuna kipande kinaitwa Hari Meru Meru. Hakihusiani na mlima wetu, lakini mimi nakipiga ninapouangalia ukiwa umejifunika mawingu na hakuna aliyenikataza.

Miaka ya foleni

Hailu aliendelea kupiga Washington na wenzake wawili katika kundi la Zula Band, kwenye sehemu za Wahabeshi. Mwaka 1991 akaacha kupanda jukwaani. Baadaye akawa dereva wa teksi, akipanga foleni kwenye uwanja wa ndege wa Dulles.

Tuseme ukweli, kwa wengi wetu habari ingeishia hapa. Tungesema: jamaa alikuwa msanii, maisha yakamgonga, akaenda kuendesha gari. Lakini kwenye buti la teksi Hailu aliweka kinanda kidogo cha betri. Foleni ya uwanja wa ndege ni ndefu, unaweza kukaa saa nyingi kabla hujapata abiria. Madereva wengine wanapiga soga, wanalala, wanasoma magazeti. Yeye alikuwa anatoa kinanda, anakaa kiti cha nyuma, anapiga.

Fikiria hesabu hii, ni ya kwangu ya kukisia tu. Tuchukulie mtu anayepiga nusu saa kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa miaka 15. Hizo ni saa 2,250. Ukumbi ni kiti cha nyuma. Wasikilizaji: hakuna. Kiingilio: hakuna. Makofi: honi ya dereva aliye nyuma, foleni inaposogea.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba hakuwa anajiandaa kwa onyesho lolote. Sisi tukifanya mazoezi tunafanya kwa sababu kuna graduesheni, kuna harusi, kuna usiku wa vipaji wa fresha. Yeye hakuwa na tarehe mbele yake. Alikuwa anautunza mkono wake kama mtu anavyolipalilia shamba ambalo hajui kama mvua itanyesha.

Na jambo jingine: hakuidharau teksi. Hata baada ya dunia kumjua tena, aliendelea kuiendesha. Kazi ilimpa mkate, na mkate ulimpa uhuru wa kupiga anachotaka bila kuomba ruhusa ya mwenye ukumbi.

Ukumbi mdogo unafanya nini kwa muziki

Tukitoka kwa Hailu kidogo, tuangalie swali lenyewe: muziki unaopigwa mbele ya watu wachache unakuwa muziki mdogo?

Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, mpiga piano Bill Evans alirekodi na wenzake wawili, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye drams, kwenye klabu ya Village Vanguard jijini New York. Klabu hiyo iko chini ya ardhi, ukiijaza kabisa haifiki watu mia na hamsini. Mchana ule haikujaa. Ukisikiliza rekodi unasikia glasi zikigongana, mtu anacheka, wengine wanaendelea na maongezi yao kana kwamba jukwaani hakuna kitu. Siku kumi na moja baadaye LaFaro, kijana wa miaka 25, alifariki katika ajali ya gari. Albamu mbili zilizotokana na siku hiyo leo ni kitabu cha kiada kwa wanafunzi wa jazz duniani kote. Wale waliokuwa wakiongea mezani hawakujua wamekalia nini.

Mfano wa pili unatuhusu kwa lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Herbie Hancock, mpiga kinanda Mmarekani Mweusi, alikuwa na kundi ambalo kila mmoja alichukua jina la Kiswahili. Yeye akawa Mwandishi, wenzake wakawa Mganga, Pepo, Mchezaji, Jabali na Mwile. Walipiga muziki mrefu, mgeni, usio na kona za kucheza. Wachache waliupenda sana, wengi hawakuufuata, na mwaka 1973 Hancock alilivunja kundi kwa sababu halikujilipa. Angalia tofauti: huyu alikuwa na jina kubwa, lebo kubwa, na bado ukumbi haukutosha kulipa nauli. Kwa hiyo uchache wa watu hausemi lolote la uhakika kuhusu kipaji. Unasema tu kwamba usiku ule, kwa bei ile, kwa muziki ule, watu hawakuja.

Sasa nije nyumbani. Sisi ni wanne: kinanda, gitaa la besi, drams na saksafoni moja ya kuazima. Muhula huu tumekuwa tukipiga Ijumaa kwenye ukumbi mmoja mdogo wa hapa mjini. Siku tuliyopata watu wengi walikuwa 31. Siku tuliyopata wachache walikuwa tisa, na kati yao wawili walikuwa wahudumu. Umeme ulikatika katikati ya kipande cha tatu, kinanda changu kikafa, mwenzangu wa saksafoni akaendelea peke yake gizani. Nilichokiona dakika zile ni hiki: wale tisa walisogea mbele. Waliacha simu zao, wakakaa karibu, na yeye akapunguza sauti kwa sababu hakukuwa na haja ya kupiga kelele. Kwenye ukumbi wa watu 400 asingeweza kupiga taratibu vile.

Ukumbi mdogo una mambo yake. Huwezi kujificha nyuma ya kelele. Ukikosea, mama wa meza ya pili anainua macho. Ukipatia, unamwona mtu anaacha kutafuna. Unajifunza kupima sauti, unajifunza kunyamaza, na unajifunza kwamba mwenzako wa jukwaani naye ni msikilizaji, pengine yule muhimu kuliko wote. Hayo ni masomo ambayo hayapatikani kwenye ukumbi wa kujaa.

Lakini ukumbi mdogo haulipi. Hilo nalo lisemwe wazi. Tukigawana mapato ya Ijumaa, kila mmoja anapata nauli ya kifodi na chipsi mayai, na kuna Ijumaa hata mayai hayamo. Bumu likichelewa, mazungumzo kwenye kundi letu yanabadilika. Mpiga besi wetu anasema tuachane na mambo haya, tujifunze bongofleva thelathini, tuingie kwenye harusi na sendofu, maana kule kuna hela. Yeye ndiye anayesomesha mdogo wake. Siwezi kumwambia habari za sanaa wakati anahesabu ada.

Simu iliyopigwa, na simu ambazo hazikupigwa

Wengi wakisimulia habari za Hailu Mergia huishia kwenye sehemu tamu. Mmarekani mmoja, Brian Shimkovitz, mwenye lebo ya Awesome Tapes From Africa, aliikuta kanda ya Shemonmuanaye dukani Bahir Dar, mji ulio kando ya Ziwa Tana. Akamtafuta mwenyewe mtandaoni, akapata namba, akapiga simu. Mwaka 2013, miaka 28 baada ya kurekodiwa, albamu ilitolewa upya. Hailu alikuwa na miaka 67. Alirudi jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2018 akatoa albamu mpya, Lala Belu, akiwa na mpiga drams Tony Buck na mpiga besi Mike Majkowski. Kipande cha mwisho anapiga piano peke yake. Mwaka 2020 ikafuata nyingine, Yene Mircha.

Ni habari nzuri, ila tusiigeuze kuwa hirizi. Ukiisimulia vibaya inakuwa ahadi: vumilia, siku moja utapigiwa simu. Hakuna aliyeahidi hivyo. Mwenzake wa Walias, Girma Beyene, naye alikaa Washington miaka mingi akifanya kazi kwenye kituo cha mafuta kabla hajarudi Addis na hatimaye kurekodi tena. Hao wawili tunawajua. Kwa kila mmoja anayepigiwa simu, kuna wangapi ambao simu haikulia? Hatuwezi kuwataja, maana ndiyo maana yenyewe ya kusahauliwa.

Kwa hiyo mimi nimejaribu kutenganisha vitu viwili. Kuna mambo ambayo Hailu hakuwa na mamlaka nayo: nani ataingia duka gani Bahir Dar, kanda ipi itakuwa imebaki rafuni, na kama mtandao utakuwepo wa kumtafutia namba. Kisha kuna yale yaliyokuwa mkononi mwake, nayo ni matatu. Alikuwa na kazi inayomlisha. Aliutunza mkono wake. Na alikuwa amerekodi.

Ondoa lolote kati ya hayo matatu uone. Bila kazi, kinanda kingeuzwa. Bila mazoezi, simu ingelia mwaka 2013 na vidole visingekuwa na la kujibu. Bila ile kanda ya 1985 hakuna simu kabisa. Ngoma nzuri iliyopigwa Hilton usiku wa manane, isiporekodiwa, inaondoka na watu waliokuwepo.

Kuna swali la haki pia, na wanachuo tusilikimbie. Kwa nini kanda ya Mhabeshi iokotwe na Mmarekani? Lebo hii husema hugawana faida nusu kwa nusu na msanii, na hilo ni bora kuliko yaliyowapata wanamuziki wetu wengi wa zamani. Lakini bado jibu linatuhusu. Iliokotwa na aliyeingia dukani akiwa na shauku ya kusikiliza. Kanda ile ilikuwa rafuni Bahir Dar, wapita njia walikuwa wengi.

Tufanye nini sisi

Narudi Daraja Mbili. Mtaani kwangu kuna mafundi redio na wazee waliopiga kwenye bendi za mji huu, wengine kwenye baa, wengine kwenye kwaya, wengine kwenye bendi za mashirika. Bendi iliyofika Radio Tanzania ina bahati, kanda zake zilihifadhiwa na leo ziko chini ya TBC. Iliyofika Nairobi ina santuri. Ambayo haikufika kokote inaishi kwenye vichwa vya wazee hawa, na kila mwaka tunazika kadhaa.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, yote yanawezekana kabla ya mitihani.

La kwanza ni kwa wanaopiga. Rekodini. Simu uliyonayo inatosha kuanzia. Usiiweke mezani mbele ya drams, itasikika drams tupu. Iweke mbali kidogo, usawa wa kichwa cha msikilizaji, iwashe kabla ya kipande cha kwanza na uiache mpaka mwisho. Andika tarehe, mahali, majina ya wapigaji na nani alipiga nini. Nakala moja kwako, nyingine kwa mwenzako. Kule Makumira wenzetu wana shahada ya muziki, wapo wanaojua kurekodi vizuri zaidi, tuwaombe.

La pili ni kwa wanaosikiliza. Shikamoo ni bure, ingieni kwa mzee, mwombe ruhusa, washeni simu, mwacheni aseme. Msimwulize "zamani ilikuwaje", hilo swali ni pana mno, atawaambia zamani ilikuwa nzuri. Mwulizeni alipiga chombo gani, alinunua wapi, nani alikaa kulia kwake jukwaani, walilipwa kiasi gani na nani alishika hela. Akiwa na kanda, msiondoke nayo. Nakilini hapo hapo, mrudishieni mkononi. Kanda ni yake, na akikataa, amekataa.

La tatu linamhusu mpiga besi wetu, na wote walio kwenye hali yake. Kundi letu limekaa na kukubaliana. Jumamosi tutapiga harusi, bongofleva thelathini na zaidi zikitakiwa, na hela itagawanywa sawa. Alhamisi jioni ni mazoezi yetu wenyewe, hata kama wiki hiyo hakuna onyesho. Ijumaa tutaendelea na ukumbi mdogo mpaka mwisho wa muhula, na kila mwezi onyesho moja litarekodiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpiga besi amekubali kwa sharti moja: asilipe nauli ya Alhamisi kutoka mfukoni mwake. Tumekubali, itatoka kwenye hela ya harusi.

Kama una spika nzuri au hata visikilizi vya bei poa, anza na Shemonmuanaye hii ya 1985 kabla hujaenda kwa Lala Belu, ili usikie mkono ule ule kabla na baada ya miaka ya teksi. Kisha zisikilize mfululizo bila kugusa simu, na ukimaliza tuambie unaona tofauti gani. Mimi naona mkono wa mwaka 2018 unaacha nafasi zaidi kati ya noti na noti. Ijumaa tupo kuanzia saa moja usiku, na viti vipo.